Mwalimu Aliyekaza Nyuzi Mwenyewe

Maskati mtu akikutana nawe mara ya kwanza hakuulizi jina kwanza. Anataka kujua asili yako. Mwalimu aliulizwa hivyo kwa miaka thelathini, kwa Kiarabu, kwa Kihindi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na jawabu lake lilikuwa moja tu: "Asili yangu kiti cha piano." Alikuwa nusu Mzungu nusu Mwasia, na uso wake haukumsaidia mtu kuamua. Wahindi wa dukani walimwita Mzungu. Wazungu wa hotelini walimwita Mhindi. Mama yangu, aliyezaliwa Unguja na ambaye mpaka leo hapa anaitwa Mzinjibari ingawa makaburi ya babu zake yako Nizwa, hapa hapa Omani, alimpenda kwa sababu hiyo kabla hajamsikia akipiga hata wimbo mmoja. "Maskini," alikuwa akisema, "kama sisi tu. Kila pahala mgeni."

Mimi sijui alizaliwa lini wala mama yake aliitwa nani, na sikuwahi kumuuliza. Ninachojua ni kwamba alikuwa mpiga jazi, kwamba alitunga, na kwamba aliogopa paka. Akimkuta paka kwenye ngazi alisimama wima na kumwambia kwa heshima zote, "Shikamoo, mshenzi we, nipishe." Kiswahili chake ndivyo kilivyokuwa. Nusu alikiokota Mombasa, alikopiga piano mahotelini ujanani, na nusu alirekebishwa na Mama, kwa hiyo matusi yake yalikuwa ya bandarini na adabu yake ilikuwa ya Mji Mkongwe, na aliyachanganya yote mawili bila kujua lipi ni lipi.

Nilianza kusoma kwake nikiwa na miaka tisa, huko Ghubra, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mapazia. Sikuwa na kipaji, naye hakunificha. "Mkono wako wa kushoto," aliniambia siku ya kwanza, "una usingizi. Tutajaribu kuuamsha, lakini usiniwekee matumaini." Nilikaa naye miaka sita na mkono haukuamka. Lakini sikio alinipa. Alikuwa akinituma jikoni kwa watu nisikilize friji, nirudi nimwimbie mlio wake. Nilijua kiyoyozi cha darasani kwetu kinaimba sauti gani, na jenereta ya jirani, na bomba la maji likifunguliwa nusu. Siku moja nilimdanganya kwamba nimefanya mazoezi. Alicheka. Siku nyingine aliniuliza kama noti mbili alizozipiga zinalingana, nami, kwa kuwa nilichoka na nilitaka kwenda nyumbani, nikasema ndiyo. Alifunga kifuniko cha piano. "Ukinidanganya juu ya mazoezi nnakusamehe," akasema. "Ukinidanganya juu ya ulichokisikia, usirudi tena." Nililia ndani ya gari mpaka nyumbani, na Mama akasema huyu mtu ana roho ngumu, lakini wiki iliyofuata alinipeleka tena.

Ajabu yake ni kwamba mtu huyu mkali hivyo aliishi kwa kupiga nyimbo asizozipenda. Kwa miaka mingi alipiga piano kwenye ukumbi wa hoteli moja kubwa ya pwani, nyimbo za mapenzi, nyimbo za sikukuu za kuzaliwa, nyimbo ambazo wageni wa chakula walimwandikia kwenye karatasi za kupangusia mikono. Alizidharau zote na hakukosa kazi hata siku moja. Homa haikumzuia. "Mtu anakula samaki wake," alisema, "na hajui kwamba chini ya wimbo wake nimempitishia wimbo mwengine. Hilo langu. Yeye ana samaki." Nilipomuuliza jazi ni nini hasa, maana Mama alidhani ni kupiga ovyo, aliniambia ni kuujua wimbo vizuri mpaka uweze kuuacha, na kuupenda mpaka urudi.

Ramadhani hotelini piano hufungwa, na huo ndio mwezi aliotunga. Alikuwa na kinanda kidogo cha umeme, na mchana wote alikipiga bila kukichomeka. Alisema mjini watu wamefunga, si vizuri kuwapigia kelele, na isitoshe sauti anaisikia kichwani. Yeye mwenyewe alifunga, ingawa alikuwa Mkristo wa Krismasi tu, kwa kuona haya kula peke yake. Kabla ya Maghribi ukipita dirishani kwake ulisikia vidole tu, tak-tak-tak, kama mtu anayechambua mchele kwa haraka. Mama alimpelekea sambusa na uji, na siku zote alirudisha sahani na kitu ndani yake, hata kama ni ndimu mbili, kwa sababu Mama alimfundisha kwamba sahani ya jirani hairudi tupu.

Alipozeeka hoteli iliweka mashine ya muziki, naye akabaki bila kazi. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshakuwa mfamasia, baba yangu ameshafariki, na tumehamia Ansab kwenye nyumba yenye mulhaq, kile kijumba cha uani ambacho watu hujengea wageni au watoto wanaooa. Hatukuwa na wageni wala mtoto anayeoa. Mama akamwita Mwalimu. Ndugu yangu akamshughulikia karatasi za ukaazi, na wanaume sita wakaibeba piano yake wakiomba Mungu. Aliifunika kwa shuka la maua alilopewa na Mama, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi aliifungua kifua, akatoa ufunguo wake wa chuma, akaukaza uzi mmoja mmoja kwa sikio lake. Hakumruhusu fundi kuigusa. Alisema fundi atakuletea sauti ya dukani.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Sijui ilianza mwezi gani. Nakumbuka asubuhi moja nilikuwa naanika nguo uani na Mwalimu anapiga, nikahisi kitu kinanichoma jino. Nilidhani amekosea. Akarudia, na kikanichoma pale pale. Zile sauti za juu, za mkono wa kulia, zilikuwa zimepanda. Si sana. Mwezi uliofuata, baada ya Jumamosi yake ya kukaza nyuzi, zikapanda zaidi. Alikuwa anaikaza piano ilingane na sikio lake, na sikio lake lilikuwa linaumwa, na yeye hakujua kwa sababu kila alipokaza alisikia kwamba imekuwa sawa.

Niliiweka kwenye simu yangu ile programu ya kupimia sauti, inayowaka kijani noti ikiwa sawa na nyekundu ikiwa imepotoka. Siku alipokwenda sokoni na Mama niliingia mulhaq nikapima. Chini kote kijani. Juu kote nyekundu. Nikafuta programu, kama mtu aliyesoma barua isiyo yake.

Naomba msomaji anielewe nyumba niliyokulia. Kwetu mtu mzima havunjwi uso. Mgeni akikwambia chai yenu tamu na wewe unajua umesahau sukari, unamshukuru. Marehemu baba yangu alivaa kwa miaka miwili koti ambalo shangazi alimshonea mkono mmoja mfupi, na shangazi alikufa hajui. Hatuoni kwamba tunadanganya. Tunaona tunamsitiri mtu. Kwa hiyo Mwalimu alipotoka mlangoni jioni, jasho kwenye paji la uso, akauliza, "Mmesikia leo? Ile sehemu ya mwisho imekaaje?" Mama alimjibu, "Mashallah, Mwalimu. Mashallah." Nami nilisema, "Nzuri sana." Mimi. Niliyetaka kufukuzwa darasani kwa hilo hilo.

Aliyesema kweli ni mmoja, naye tulimnyamazisha. Neema, dada anayetusaidia nyumbani, ni mtu wa Njombe, na kwao aliimba kwaya ya kanisa toka mdogo. Asubuhi moja, kabla sijaenda kazini, alimpelekea Mwalimu kahawa, akasimama kusikiliza, na tukamsikia anasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa:

"Mwalimu, samahani, hiki kinanda kimepanda huku juu. Kanisani kwetu kingekuwa hivi tungekishusha."

Mama alikuwa uani akimwagilia. Alimwita Neema jikoni akafunga mlango. Sikusikia yote, lakini nilisikia, "Hebu na wewe! Mtu mzima yule, kapiga piano miaka hamsini, wewe ndo umfunze?" Neema akatoka macho mekundu, akaenda kumwomba radhi. Mwalimu alicheka, akamwambia hakuna ubaya. Lakini jioni ile alinisubiri getini niliporudi kutoka kazini.

"Neema asema piano imepanda."

"Neema kazoea kinanda cha kanisani, Mwalimu."

Aliniangalia kidogo. "Ndivyo?"

"Ndivyo."

Akashukuru, akaingia ndani. Methali inasema mficha maradhi kilio humfichua. Haisemi kitu juu ya wanaomficha mtu maradhi yake mwenyewe.

Basi ndipo ikaja ile bahati. Kikundi cha watu wanaopenda muziki, watu wazuri, walikuwa wanatayarisha tamasha dogo kwenye ukumbi mmoja karibu na Al Khoudh, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Wakamwomba apige utunzi wake mwenyewe. Si wimbo wa mtu. Wake, ule wa Ramadhani nyingi, aliokuwa akiugonga kwenye kinanda kisicho na umeme. Dakika ishirini, piano na besi na ngoma. Miaka thelathini Maskati, na hakuna mtu aliyewahi kukaa kitini akanyamaza ili asikilize kitu alichokitunga yeye. Alitujia na habari hiyo akiwa amevaa tai, saa nne asubuhi, na alipoisema alishika ukuta. Mama akapiga kigelegele. Nilijua saa ile ile kwamba lazima nimwambie. Nilijiambia nitamwambia Ijumaa. Ijumaa akaja ndugu yangu na watoto. Nikajiambia Jumapili.

Sikumwambia. Nilimwendesha mwenyewe kwenye mazoezi, alasiri, daftari lake la noti mapajani. Njia nzima alikuwa ananieleza mahali ambapo besi itanyamaza.

Mpiga besi alikuwa Mfilipino aliyefanya naye kazi hotelini, mtu mpole anayevaa kofia ndani ya nyumba. Walikumbatiana. Mwalimu akakaa kwenye piano ya ukumbi, kubwa, nyeusi, iliyokazwa siku ile ile na fundi, akapiga mstari mmoja. Akasita. Akapiga tena. Akageuka na uso wa mtu aliyeonja chakula kilichochacha.

"Hii mbovu," akasema. "Huku juu imeanguka yote."

Mpiga besi alisema kwa upole kwamba yeye anaisikia sawa. Kijana wa ngoma akatoa simu, programu ile ile, akampa aione: kijani, kijani, kijani. Mwalimu akasema simu haina masikio. Akatoa mfukoni ufunguo wake wa chuma, maana alitembea nao, akainua kifuniko cha piano ya watu. Msimamizi wa ukumbi akaja mbio. Wakaanza kushikana maneno, na sauti ya Mwalimu ikapanda, ikawa ya bandarini, na watu waliokuwa wakipanga viti wakasimama kuangalia. Kisha akaniona pale mlangoni.

"Huyu," akasema. "Huyu kasoma kwangu miaka sita. Sikio lake nnalijua. Mwambieni yeye. Haya, sema. Ya kwangu nyumbani na hii, ipi iko sawa?"

Watu wote wakanigeukia. Mpiga besi alinitazama, na nikaona anajua, na nikaona anajua kwamba najua. Mzee wa miaka sabini na kitu, amesimama na ufunguo mkononi mbele ya vijana, na mimi naambiwa nimvunje uso au nimsitiri. Sikuwa hata na nafasi ya kufikiri. Ulimi ulikwenda wenyewe, njia yake ya kila siku.

"Ya kwako, Mwalimu."

Akafunga kifuniko. Hakuwa na hasira tena, alikuwa ametosheka. Akawaambia kwa adabu zote za Mama kwamba yeye hawezi kuipiga kazi yake ya maisha kwenye piano mbovu, wamwie radhi, akakusanya daftari lake. Tamasha lilifanyika bila yeye. Lingefanyika naye kama ningesema neno moja tofauti. Angeumia, angekwenda kwa daktari, pengine mtu mwengine angekaa pianoni naye akakaa mbele kusikiliza. Nimelipanga neno hilo kichwani mara nyingi tangu siku ile, na kila mara naliona jepesi tu. Pale ukumbini halikuwepo.

Ni mpiga besi aliyekuja kumwambia, wiki mbili baadaye, kabla hajarudi kwao moja kwa moja. Walikaa mulhaq kutwa. Sijui alisema nini. Kesho yake Mwalimu aliniomba nimpeleke kwa daktari wa masikio, na daktari, binti mdogo mwenye subira, akamweka ndani ya kile chumba cha kioo na kumpigia sauti. Nje kwenye benchi niliomba dua zote ninazozijua. Akatoka na karatasi yenye mistari miwili, mmoja wa sikio hili, mmoja wa lile, na kila mmoja umekwenda njia yake. Daktari akaeleza kwamba sikio la kulia linamletea sauti za juu zikiwa chini ya zilivyo, na kwamba halirudi. Kuna mashine za kuvaa, zitamsaidia kwenye mazungumzo. Muziki, hapana, muziki zitauharibu zaidi.

Tulipanda gari, tukapita mzunguko wa Ghubra. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na Mama?"

"Mama alisema inalia kama bati."

Akacheka, kicheko kifupi kikavu. Nikaanza kulia, nikamwomba radhi, nikamwambia tulimwonea haya, tulimheshimu, hatukutaka kumvunja uso mbele za watu. Alisikiliza yote. Nadhani hakukasirika, na ndiyo maana mpaka leo sijui niende na toba yangu wapi. Alisema tu, "Nyinyi watu wema sana," na akafungua dirisha. Mama nilipomweleza alikaa kitandani mwake na tasbihi, halafu akaenda jikoni akamwomba Neema msamaha. Neema akasema, "Hamna shida, Mama," akaendelea kukuna nazi.

Baada ya hapo Mwalimu hakupiga tena. Mashine za masikio alizivaa siku mbili, akaziweka ndani ya kisosi. Alimwita fundi, yule yule wa sauti ya dukani, akaikaza piano upya. Kila asubuhi aliipangusa vumbi. Mama alimwalika chakula mara mbili kwa wiki na alikuja, akala, akasifu mchuzi, nasi hatukujua kama anasema kweli.

Mwezi uliopita, siku ya mapumziko, baada ya Alasiri, alinigongea. Daftari lilikuwa kwapani.

"Njoo unipigie," akasema.

Nilimwambia hawezi kuwa anamaanisha mimi. Nikamtajia wengine, yule mwanafunzi wake wa zamani, walimu wa chuo. Akatikisa kichwa. "Hao sijui wanavyokosea. Wewe nnajua makosa yako yote. Nikiyatoa, itabaki kazi yangu."

Nikakaa. Kiti kilikuwa kimeshuka kwa uzito wake wa miaka yote. Nilipiga ukurasa wa kwanza polepole, mkono wa kushoto ukiburura nyuma, nikakwama, nikarudi, nikaendelea. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameegemea upande, anaangalia vidole vyangu vinapotua, kimoja kimoja, na midomo yake inakwenda. Kuna mahali ambapo mkono wa kulia unaacha kabisa na wa kushoto unabaki peke yake, na mimi nilitoka jasho pale. Kuna mahali pengine nilisikia kitu kinafunguka ndani ya muziki, kisha kikafungika, na sikujua kama ni yeye aliyekifunga au ni mimi. Nilipiga kurasa nne kati ya kumi na moja. Zaidi sikuweza.

Tulikaa. Nje Neema alikuwa anaita watoto wa jirani watoke kwenye mabomba.

"Nataka kukuuliza," Mwalimu akasema. "Si juu ya piano. Piano iko sawa, nnajua. Juu ya hiki kitu. Ni kizuri? Kwa sababu mimi sitakisikia tena, na kabla sikumpigia mtu. Kuna watu hutunga upuuzi miaka ishirini. Nnawajua. Ni kizuri, au nimejidanganya?"

Nilifungua mdomo, na lile neno la nyumbani lilikuwa tayari pale, mashallah, Mwalimu, mashallah. Nililizuia. Nikatafuta jingine, la kweli, la kumpa. Nilitafuta kwa moyo wote, wallahi. Nilikuwa na sikio alilonipa, ninaloweza kukwambia friji yako inaimba noti gani, na halikunisaidia chochote. Kurasa nne, kwa mikono kama yangu. Mtu mmoja tu mji huu mzima angeweza kumjibu, na alikuwa ameketi kando yangu akiutazama mdomo wangu.

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Sijui. Laiti ningejua."

Aliinua mkono kutoka gotini. Kisha akachukua daftari lake, akalifunga.

"Ahsante," akasema. "Hilo nnaliamini."